Saving Mr. Banks: je, filamu imemtendea haki mwandishi wa Mary Poppins?

Mlezi wa Klabu, Morogoro

Habari za jioni wadau. Naomba mawazo ya waliotazama Saving Mr. Banks, ile ya mwaka 2013, hasa wale ambao Mary Poppins wameisoma kitabuni na si kuiona tu kwenye runinga.

Mimi ni mwalimu wa sekondari na mlezi wa klabu ya usomaji. Muhula huu wanafunzi wangu wanasoma kitabu kile cha P. L. Travers cha mwaka 1934 kuhusu yaya wa ajabu, na tukimaliza tutatazama filamu moja pamoja kwenye projekta ya shule. Nilikwisha kuamua iwe Mary Poppins ya mwaka 1964, ya Julie Andrews. Juzi mwenzangu wa idara ya Kiingereza akaniletea hii nyingine kwenye flashi, akasema hii ndiyo inayowafaa watoto wanaotaka kuandika. Nimeitazama, na sasa nimegawanyika.

Kwa ambao hawajaiona: ni mwaka 1961. Travers, mwanamke wa miaka sitini na ushee, anatoka London kwenda Los Angeles kukutana na watu wa Walt Disney wanaotaka kukigeuza kitabu chake kuwa filamu. Disney amembembeleza kwa karibu miaka 20 na kila mara jibu limekuwa hapana. Safari hii fedha zimempungukia. Anafungiwa chumbani na mwandishi wa skripti Don DaGradi na ndugu wawili watunzi wa nyimbo, Richard na Robert Sherman, na anapinga karibu kila kitu wanachomwekea mezani. Katuni hataki. Masharubu ya Mr. Banks, baba wa watoto wa kitabuni, hataki. Hata rangi nyekundu hataki ionekane. Na kila anapopinga, tunarudishwa Australia, mwaka 1906, katika mji mdogo wa Allora, ambako baba yake, meneja wa benki mwenye mapenzi makubwa kwa binti yake, anazama kwenye pombe mpaka anafariki.

Kuna kipande kimoja hakijanitoka. Ndugu wa Sherman wanaimba ule wimbo wa mabosi wa benki, na papo hapo tunamwona baba, ambaye ni Colin Farrell, amesimama jukwaani kwenye maonyesho ya mji, amelewa, anatoa hotuba kwa niaba ya mwajiri wake. Hotuba na wimbo vinaingiliana mpaka huwezi kuvitenganisha. Binti yuko chini anamtazama. Kisha kamera inarudi kwa Emma Thompson, anayemwigiza Travers, mwanamke mzima ndani ya chumba cha California, anauliza kwa hasira kwa nini wamemfanya Mr. Banks kuwa mtu mkatili hivyo. Wale vijana hawana habari kwamba wanamsema marehemu baba yake mbele yake. Hapo machozi yalinitoka na sioni haya kusema.

Kinachonisumbua ni mwisho. Walt Disney, ambaye ni Tom Hanks, anamfuata mpaka London, anamsimulia utoto wake mwenyewe na baba yake mkali, naye anakubali na kutia saini. Siku ya uzinduzi analia ukumbini, na sisi watazamaji tunaelekezwa tuamini kwamba ni machozi ya mtu aliyepona. Sasa aliyetengeneza filamu hii ni kampuni ile ile ya Disney. Ni kesi ya ngedere na hakimu ni nyani.

Naomba kujua: lipi ni la kweli na lipi la kutunga? Na je, niwaonyeshe wanafunzi?

Mhariri wa Vitabu vya Watoto, Dar es Salaam

Heshima kwako, mwalimu. Umeuliza swali ninalolipenda, kwa hiyo univumilie nikirefusha.

Nianze na la kuwatetea. Skripti haikuzaliwa Disney. Kelly Marcel na Sue Smith waliiandika nje ya kampuni, ikiwa na BBC Films nyuma yake, ndipo ikafika Disney. Kampuni ingeweza kuinunua na kuifungia kabatini. Iliamua kuitengeneza, na mwongozaji John Lee Hancock akaachiwa kumwonyesha Travers akisema maneno makali kuhusu kazi za Disney. Hilo nawapa.

Lakini mkono wa mwenye nyumba unaonekana. Walt Disney alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara na alifariki mwaka 1966 kwa saratani ya mapafu. Kwenye filamu unamwona mara moja tu akiizima sigara kwa haraka mgeni anapoingia. Kwa kweli sehemu kubwa ya siku Travers alizokuwa studio, Disney hakuwepo, alikwenda Palm Springs akawaachia vijana wake mzigo. Yale mazungumzo marefu ya London yametungwa. Dereva Ralph, anayechezwa vizuri sana na Paul Giamatti, ametungwa pia. La kutoalikwa kwenye uzinduzi wa Agosti 1964 ni kweli kabisa: mwandishi wa kitabu aliachwa nje ya orodha, ikabidi aombe mwenyewe. Na alilia kweli. Ila usiku huo huo alimfuata Disney kumwambia katuni iondolewe, akajibiwa kwamba wakati umekwisha kupita. Miaka mingi baadaye, Cameron Mackintosh, mtayarishaji wa maonyesho ya jukwaani, alipomwomba ruhusa ya kuipeleka Mary Poppins jukwaani, Travers alitoa sharti kwamba waandishi wawe Waingereza na asihusishwe mtu yeyote aliyefanya ile filamu. Hayo si masharti ya mtu aliyepona.

Sasa nifike kwenye kilichoniudhi zaidi kuliko uongo mdogo mdogo. Filamu imetupa ufunguo mmoja, yule baba, na inataka tufungue milango yote kwa ufunguo huo. Kila pingamizi la Travers linageuzwa kuwa kidonda cha utotoni. Mimi kazi yangu ni kukaa na waandishi meza moja, na nakuhakikishia kwamba mwandishi anapokataa katuni ndani ya kitabu chake, mara nyingi sababu ni kwamba ameshaona itaharibu nini. Travers alikuwa amekwisha kuwa mwigizaji, mshairi na mwandishi wa magazeti. Alilelewa kiuandishi na mshairi wa Ireland George Russell, akamfahamu mshairi mwingine wa huko, Yeats, akasoma ngano na visasili maisha yake yote. Mwanawe wa kulea, Camillus, hayumo kabisa kwenye filamu. Ukiviondoa hivyo vyote unabaki na binti anayemlilia baba, halafu anakuja mzee mwema wa California kumfuta machozi. Mwandishi akiwa kazini, mwenye jicho na uamuzi, hatumwoni.

Nikupe mfano wa kilichopotea. Kitabuni watoto wa Banks ni wanne. Jane na Michael unawajua, ila wapo pia mapacha wachanga, John na Barbara, na wao wana sura yao nzima ya kitabu. Mapacha wanaelewa lugha ya upepo, ya mwanga wa jua, na ya ndege mmoja, kwezi, anayetua dirishani kula makombo ya biskuti zao. Kwezi anawaambia kwamba watakuja kusahau, kama watu wote wanavyosahau, isipokuwa Mary Poppins peke yake. Mapacha wanakataa katakata, wanalia. Kisha meno yanaota, wanatimiza mwaka mmoja, kwezi anakuja kama kawaida na kuwasemesha. Wanamtazama tu. Hawamwelewi tena. Ndege analia na kujitetea, na Mary Poppins, ambaye kitabuni ni mkali, mwenye majivuno, anayejitazama kwenye kila kioo cha duka, anamdhihaki.

Filamu ya 1964 iliwaondoa mapacha na sura yote ikaenda nao. Nafasi ikachukuliwa na pengwini wanaocheza. Ile ni filamu nzuri, ilipata Oscar 5 na nyimbo zake bado naimba nikipika. Lakini mwanamke aliyeandika sura ya kwezi alikuwa na haki ya kugombana hadi sauti ikauke, hata kama baba yake angekuwa mzima wa afya na mwenye kazi yake.

Waonyeshe, mwalimu. Lakini wasome sura hiyo kwanza, na usizime majina yanapoanza kupita. Zile kanda zinazosikika mwishoni ni za kweli: mikutano ilirekodiwa kwa kutaka kwake mwenyewe. Sikiliza anavyoongea. Anasahihisha jambo moja baada ya jingine, anajua anachotaka. Kwangu dakika hizo zinamtetea kuliko filamu nzima.

Msomaji wa Mombasa

Bi Mhariri umesema vyema, ila kuna sura nyingine ambayo sisi wasomaji wa huku hatuwezi kuiruka. Ni ile ya Jumanne mbaya, ambapo Michael anachukua dira na watoto wanazunguka pembe nne za dunia. Katika toleo la 1934, upande wa kusini wanakuta familia ya Waafrika, na namna walivyochorwa na kuzungumzishwa inatia uchungu. Niliipata nakala ya namna hiyo nikiwa msichana na nikaifunga. Nilikipenda kitabu, na ukurasa ule ukanifukuza.

Travers mwenyewe alikirekebisha. Mwaka 1967 alibadilisha yale mazungumzo, na mwaka 1981 akawaondoa watu wote wa pembe nne akaweka wanyama: dubu wa barafu, kasuku, panda na pomboo. Mchoraji wake, Mary Shepard, akachora upya. Nalileta hapa kwa sababu Saving Mr. Banks inamwonyesha kama mtu asiyekubali hata nukta ibadilishwe. Alikubali kubadilisha. Alichotaka ni kalamu ibaki mkononi mwake, na filamu ingekuwa ya kweli zaidi kama ingetuonyesha tofauti hiyo.

Mwalimu, kabla hujagawa vitabu, angalia shule yenu ina toleo lipi.

Mwandishi wa Skripti, Dar

Mimi nitaongea habari ya mkataba, maana filamu imeupitia juu juu na ndio unaowahusu vijana wanaotaka kuandika.

Travers hakuondoka mikono mitupu. Alipewa haki ya kuidhinisha skripti, na asilimia 5 ya mapato ghafi. Neno la kushika hapo ni ghafi. Asilimia ya faida ni jambo jingine kabisa, kwa sababu faida inahesabiwa baada ya mtayarishaji kutoa gharama zake, na gharama hazina mwisho. Ghafi inakatwa juu kabisa kabla mtu hajagusa. Filamu ile ya 1964 ilipoingiza fedha nyingi, naye alipata fedha nyingi, na hakuwahi tena kuogopa kupoteza nyumba.

Ila uone pia mpaka wa haki yake. Kuidhinisha skripti si kuidhinisha picha iliyokamilika. Karatasi aliipitisha, na kilichotoka kwenye chumba cha uhariri kilikuwa na katuni zile zile alizozikataa. Rafiki yangu mmoja aliuza hadithi yake ya watoto kwa mtayarishaji wa hapa nchini kwa malipo ya mkupuo, ukurasa mmoja wa makubaliano, hakuna mstari hata mmoja kuhusu mabadiliko. Ilipotoka, bibi wa kwenye hadithi amekuwa mchawi. Alikwenda kulalamika akaonyeshwa saini yake. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamtambua mwandishi, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, wapo kwa ajili ya kusajili kazi, lakini mengi yanaamuliwa siku ya kutia saini.

Mwalimu, ukiweza simamisha filamu pale anapokataa kutia saini na uwaulize wanafunzi wangedai nini. Utapata somo la saa nzima.

Mlezi wa Klabu, Morogoro

Asanteni sana wote. Bi Mhariri, sura ya mapacha nimeisoma upya leo mchana kwenye chumba cha walimu na nimeelewa unachokililia. Ningeonyesha filamu bila sura hiyo wanafunzi wangemwona Travers kama mama mgumu tu.

Dada wa Mombasa, nimekwenda maktaba kuangalia. Tuna nakala za aina mbili: nyingi zina dubu na pomboo, na chache za zamani zilizotoka kwenye maboksi ya msaada zina ile familia ya kusini. Sitazificha. Nitaliweka kundi la Kidato cha Tatu lisome matoleo yote mawili sambamba, waandike nini kimebadilishwa na kwa nini mwandishi angetaka kukibadilisha yeye mwenyewe.

Mkuu wa skripti, zoezi lako la mkataba nimelichukua kama lilivyo. Nitawagawa wawe mwandishi upande mmoja na mtayarishaji upande mwingine, kila kundi lilete masharti yake yameandikwa.

Nimebakiwa na jambo moja. Kiingereza cha Colin Farrell katika zile sehemu za Australia kitawapita wanafunzi wengi wa Kidato cha Kwanza. Kama kuna mwenye faili la maandishi ya chini ya filamu hii kwa Kiswahili, au hata ya Kiingereza ili tukae na wanafunzi tuitafsiri wenyewe, anitumie ujumbe.