Akiba ya chakula kwa watu wanane: nahesabuje nijue itafika siku ngapi?

MamaSalha_Kilwa

Assalaam alaykum, na habari za leo wadau wote.

Niko Kilwa Masoko. Mnakumbuka kimbunga Hidaya cha Mei 2024, barabara ya Dar kwenda Lindi ilikatika sehemu kadhaa huku wilayani kwetu. Tangu hapo mimi na mume wangu tukaazimia nyumba yetu isikae tena bila akiba. Masika yanakaribia na akiba ipo. Tunachobishania ni itatufikisha wapi. Yeye anasema miezi minne bila wasiwasi. Mimi ninayepika siamini, ila sina hesabu ya kumwekea mezani.

Tuna magunia mawili ya mahindi, kila moja limepimwa kilo 100. Mchele kilo 50, mbaazi kavu kilo 20, mafuta ya kula dumu la lita 10, sukari kilo 10, chumvi ya kutosha, na mkaa gunia moja. Kuna ng'onda kidogo na kiroba cha makopa, hivyo sijavipima. Shambani tuna muhogo, na mume wangu anautia kwenye hesabu.

Walaji ni mimi na mume wangu, mama mkwe, shemeji yangu wa miaka 22, na watoto wa miaka 15, 11 na 6. Wa nane ni mchanga wa miezi mitano, huyo bado ananyonya tu.

Naomba mnifundishe namna ya kuhesabu, maana akiba itabadilika na sitaki kuja kuuliza kila mara.

Stoo_ya_Bweni

Wa alaykum salaam dada. Natunza stoo ya shule ya bweni, kwa hiyo swali lako ndiyo kazi yangu ya kila muhula.

Anza na jiko lako, usianze na gunia. Tafuta mizani, hata ya kuazima kwa mwenye duka. Kwa wiki nzima, kabla unga au mchele haujaingia sufuriani, upime na uandike. Fanya hivyo kwa mbaazi na mafuta pia. Mwisho wa wiki gawanya kwa saba, utapata matumizi ya siku moja. Kisha chukua kilichopo stoo, gawanya kwa matumizi ya siku. Fanya kwa kila kitu peke yake. Ukijumlisha vyote pamoja utapata tarakimu nzuri isiyokusaidia, kwa sababu mafuta yakiisha huwezi kukaangia mchele.

Usipime kwa kibaba, sadolini au debe halafu ukabadilisha kuwa kilo kwa kukisia. Debe la kusawazisha na debe la kilele vinapishana kilo kadhaa, na kwenye gunia zima tofauti hiyo ni chakula cha siku nyingi.

Kijana_wa_Ukonga

Kwa heshima zote dada, kwa nini mfungie hela nyingi kwenye mahindi? Weka fedha, ukihitaji nunua. Chakula kinaharibika.

MamaSalha_Kilwa

Ahsante kaka, nimekuelewa, lakini kimbunga kile kilitukuta na fedha ndani. Magari yasipopita, dukani hakuna cha kununua, na kilichobaki bei inapanda. Fedha tunaweka pia.

Mlishe_Moro

Mama Salha, njia ya ndugu yetu wa stoo inakuonyesha mnavyokula leo. Kuna ya pili inayokuonyesha mnachohitaji ili mwili usidhoofike. Nakushauri ufanye zote mbili kisha ulinganishe.

Kwenye dharura, mashirika ya misaada hupanga kwa wastani wa kilokalori (kipimo cha nguvu ya chakula) 2,100 kwa mtu kwa siku. Wastani huo tayari umechanganya wakubwa na watoto, kwa hiyo usihangaike kumkata mtoto wa miaka 6. Walaji 7 ni 14,700. Wewe unanyonyesha, ongeza kama 500. Nimekaribisha hadi 15,000 kwa nyumba nzima kwa siku.

Sasa stoo. Kilo moja ya mahindi au mchele ina takriban kilokalori 3,600, mbaazi 3,400, sukari 3,900. Lita ya mafuta ni kama 8,100. Kwenye mahindi nimetoa sehemu moja ya kumi kwa ajili ya wadudu, pumba na kumwagika. Inakuja hivi: mahindi 648,000, mchele 180,000, mbaazi 68,000, mafuta 81,000, sukari 39,000. Jumla 1,016,000. Gawa kwa 15,000, unapata siku 67.

Siku 67 hizo ni kama mnasaga dona. Mkikoboa mpate sembe nyeupe, karibu robo ya mahindi inabaki mashineni kama pumba na kiini, na kiini ndicho chenye mafuta na sehemu kubwa ya vitamini. Siku zinashuka hadi 56 hivi. Mahindi ni yaleyale, mnapoteza siku 11 kwa ajili ya weupe wa ugali! Tahadhari yake ni kwamba dona haikai muda mrefu kama sembe, inachacha kwa sababu ya mafuta hayo. Msisage gunia zima. Sageni ya wiki mbili mbili, ila mvua kubwa ikitangazwa sageni zaidi, mashine isije ikakosa umeme.

Miezi minne ya shemeji, yaani mume wako, haipo. Akitaka kuifikia, watu watakula karibu nusu ya wanachohitaji.

Dalali_Kibaigwa

Mimi niko sokoni Kibaigwa, mahindi ndiyo maisha yangu. Mlishe katoa sehemu moja ya kumi. Hiyo ni kama umehifadhi vizuri. Dumuzi akiingia kwenye mahindi yasiyo na kinga anaweza kuondoka na hata thuluthi ndani ya miezi sita, na kinachobaki ni vumbi na punje zenye matundu. Mdudu huyu si wa kwetu, asili yake ni Amerika ya Kati, alionekana kwanza upande wa Tabora kuelekea miaka ya 1980, na tangu hapo ghala za mababu hazikumuweza.

Dada, hayo magunia ni ya kawaida au mifuko ya tabaka tatu? Kama ni ya kawaida, nunua ile ya PICS. Hewa haiingii, mdudu anakufa bila dawa yoyote. Kila mfuko wa ndani ufungwe kwa kamba peke yake, na ukishafungua gunia moja, limalize lote kwanza kabla ya kugusa la pili. Uweke juu ya mbao, mbali na ukuta, na panya usimpe nafasi maana tundu moja linamaliza kazi yote.

Hakikisha ni makavu kabla ya kufunga. Kwenye chupa kavu ya kioo tia punje na chumvi kavu, tikisa, uache kidogo. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana maji, yarudishe juani. Pwani kuna unyevu, msiruke hatua hii.

Nduku_Kitui

Naongeza hapo kwa Dalali, kwa uchungu. Mwaka 2004 huku kwetu Ukambani, Kenya, Kitui na Makueni hasa, mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yalishika sumukuvu. Watu 125 walikufa. Yalikuwa mahindi ya nyumbani, ya watu waliojiwekea akiba kama wewe.

Maji ya mafuriko yakiingia stoo, gunia lililolowa likashika kuvu litoe kwenye hesabu kabisa. Kupika hakuiui sumu ile, na usiwape kuku wala ng'ombe. Ni vigumu sana kumwaga chakula wakati wa shida, najua, lakini mtoto ndiye huumia mapema. Kama mnaweza, inueni magunia kabla mvua haijaanza, juu kuliko alama ya maji ya mwaka ule wa Hidaya.

MwanaMafia

Sisi kisiwani Mafia tunaishi hivi kila bahari inapochafuka, boti ya Nyamisati ikilala na Kilindoni tunalala na tulichonacho. Nina mambo mawili ya kukwambia dada yangu.

Muhogo wa shambani mwambie shemeji autoe. Kwa ukame muhogo ni ghala zuri kuliko yote, unauacha ardhini ukusubiri. Kwa mafuriko ni kinyume, maji yakituama siku chache tu mizizi inaoza. Kama una muhogo uliokomaa ng'oa sasa, ufanye makopa, hayo ndiyo uhesabu. Na kama ni muhogo mchungu msifupishe kuuloweka na kuukausha kwa sababu ya njaa. Mtwara, mwanzoni mwa miaka ya 2000, watu walipooza miguu kwa ugonjwa wa konzo, na chanzo chake ni muhogo mchungu usioandaliwa sawasawa.

La pili ni watu. Hidaya ilipopita, nyumba iliyokuwa imesimama ilipokea wengine. Huwezi kumfungia mlango dada yako mwenye watoto. Basi usihesabu saba. Tia angalau wawili zaidi.

Mlishe_Moro

MwanaMafia umesema kweli. Walaji 9 ni kama 19,400 kwa siku pamoja na nyongeza ya anayenyonyesha. Akiba ileile inafika siku 52.

Maji nayo yahesabiwe. Kunywa tu ni lita 2.5 hadi 3 kwa mtu kwa siku, na ukiweka kupika na usafi wa lazima usishuke chini ya lita 7 na nusu. Kwa nyumba ya watu wanane ni madumu matatu ya lita 20 kila siku. Visima vikiingiwa na mafuriko kipindupindu hakiko mbali, kwa hiyo weka dawa ya kutibu maji au mkaa wa ziada wa kuchemshia.

MamaSalha_Kilwa

Nimerudi wapendwa. Nimepima wiki nzima kama nilivyoelekezwa, mama mkwe ndiye alikuwa ananikumbusha kabla sijamimina.

Unga na mchele kwa pamoja ni kilo 3 na robo kwa siku. Mbaazi nusu kilo. Mafuta theluthi ya lita. Mkaa gunia moja linatupeleka wiki tatu.

Kwa hiyo nafaka, nikitoa kilo 20 za hasara, zinabaki kilo 230, siku 70. Mbaazi siku 40. Mafuta siku 30. Mkaa siku 21! Mume wangu ameangalia daftari, akakaa kimya, halafu akaniuliza kwa nini tulikuwa tunataka kununua gunia la tatu la mahindi.

Stoo_ya_Bweni

Hilo ndilo swali sahihi la shemeji. Akiba yako kamili ni siku 21, siku ya 22 una mahindi yasiyopikika. Hela ya gunia la tatu nunua magunia mawili ya mkaa na dumu jingine la mafuta, halafu ongeza mbaazi au kunde kilo 10. Hapo kila kitu kinafika karibu miezi miwili. Mkaa uufunike, uwe juu, ukilowa ni hasara.

Mbaazi ziloweke usiku kucha na upike za siku moja kwa mkupuo. Zisizolowekwa zinakula mkaa kuliko kitu chochote jikoni kwako.

Kisha chukua kadi ngumu, iandike jina la kila kitu, kilichopo na tarehe, uining'inize mlangoni kwa stoo. Kila Ijumaa pima upya. Leo unakula kwa utulivu, siku wageni wakija au sukari ikikimbia kwa Ramadhani, matumizi yanabadilika na siku zinabadilika. Kinachoingia kipya kikae nyuma, cha zamani kiliwe kwanza.

Kijana_wa_Ukonga

Nimefuatilia hadi hapa na nimebadili mawazo. Huku Dar hatuna nafasi ya magunia. Mtu wa chumba kimoja afanyeje?

Stoo_ya_Bweni

Wiki mbili zinatosha kuanzia. Kwa mtu mmoja ni kilo 6 za nafaka, kilo 1 ya maharage, lita moja ya mafuta na gesi yako isiwe inaelekea kuisha. Vinakaa chini ya kitanda kwenye ndoo yenye mfuniko.

MamaSalha_Kilwa

Allah awalipe kheri nyote. Swali la mwisho kwa Mlishe. Mtoto wangu anatimiza miezi sita mwezi ujao, ndani ya hizo siku za akiba. Namhesabu vipi?

Mlishe_Moro

Kwa nafaka ni kidogo mno, hatakusumbua kwenye magunia. Akianza kula, endelea kumnyonyesha na umpe uji mzito wa dona, tia kijiko cha mafuta, na mbaazi zilizopondwa na kuchujwa maganda. Ng'onda mkavu uliochambuliwa miba na kusagwa laini ni mzuri sana kwake, lakini uwe usiotiwa chumvi. Uliotiwa chumvi nyingi usimpe.

Mwenye hesabu kubwa hapo ni wewe. Usikubali kupunguza chakula chako ili wengine washibe, kama kina mama wengi wanavyofanya akiba ikipungua. Mtoto bado anakutegemea. Kilo 5 za mbaazi na lita 2 za mafuta zitenge pembeni kwa ajili yenu wawili, zisiingie kwenye daftari la nyumba.