Je, mama anaweza kusimama mahakamani kwa niaba ya watoto dhidi ya msimamizi wa mirathi?

MamaWawili_Muheza aliuliza:

Wanajukwaa, asalaam aleikum na heri kwenu nyote. Mume wangu alifariki dunia akaacha watoto wawili, mkubwa ana miaka 17 na mdogo 11, pamoja na mama yake mzazi ambaye hivi sasa anaishi kwangu. Kikao cha ukoo kilimpendekeza mdogo wake marehemu kuwa msimamizi wa mirathi, na Mahakama ya Mwanzo ikamteua. Tangu hapo hatujaona orodha ya mali wala hesabu yoyote, ila nimepata habari kwamba shamba la michungwa limeshauzwa na kwamba nyumba tunayoishi inatafutiwa mteja. Nilipomfuata shemeji, alinijibu kwamba mimi si wa ukoo wao, kwamba watoto hawana umri wa kushtaki, na kwamba mama mkwe ameridhia. Akanionesha karatasi yenye alama ya dole gumba la mama mkwe. Mama mkwe amepoteza kumbukumbu kwa muda mrefu. Wajukuu wanaomnawisha mikono kila siku huwaita kwa majina ya ndugu zake waliokwisha kufa. Naomba kufahamishwa: ninaweza kuwafungulia watoto kesi? Na bibi yao atasemewa na nani?

Wakili_Mkwakwani alijibu:

Pole kwa msiba, dada, na pole kwa haya yaliyoufuata. Shemeji yako amesema nusu ya sheria. Ni kweli kwamba mtu aliye chini ya miaka 18 hawezi kufungua shauri la madai kwa kusimama peke yake, lakini haki ya kudai ni yake tangu siku ilipozaliwa, na sheria imemwekea njia ya kuidai. Amri ya 31 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai ya Tanzania, Sura ya 33, inaelekeza kwamba shauri la mtoto lifunguliwe kwa jina la mtoto mwenyewe kupitia mtu mzima anayeitwa rafiki wa karibu. Mtu huyo anatakiwa awe na akili timamu, awe ametimiza umri wa utu uzima, maslahi yake yasigongane na ya mtoto, na asiwe mdaiwa katika shauri hilohilo. Hakuna sharti la kuwa wa ukoo wa baba. Mama mzazi ndiye mtu wa kwanza ambaye mahakama yoyote ingetarajia kumwona.

Mambo hugeuka mtoto anaposhtakiwa. Hapo ni mahakama inayomteua mlezi wa shauri wa kumtetea, wala haimteui mtu bila ridhaa yake. Asipopatikana mtu anayefaa, inaweza kumteua hata mmoja wa maofisa wake.

Kuhusu bibi, Amri hiyohiyo inawahusu pia watu ambao kwa maradhi ya akili au udhaifu wa akili hawawezi kulinda maslahi yao. Si lazima awe alikwisha kutangazwa na mahakama kuwa hana akili timamu. Inatosha mahakama inayosikiliza shauri ifanye uchunguzi na kuridhika. Kwa kawaida hutazamwa taarifa ya daktari, na hakimu humwuliza mhusika mwenyewe maswali mepesi kama jina lake, watoto wake, na mahali alipo. Nisisitize hapa, kwa sababu watu wengi huchanganya: mzee aliyepooza mwili lakini akili yake inafanya kazi haingii katika kundi hili. Huyo huamua mwenyewe, na akitaka mtu amshughulikie mambo yake humpa hati ya uwakilishi. Aliyepoteza fahamu ya mambo hawezi kutoa hati hiyo, na ndiyo maana karatasi ya dole gumba uliyooneshwa ina walakini mkubwa. Tafuta tarehe iliyoandikwa juu yake, kisha uilinganishe na kumbukumbu za hospitali za mama mkwe. Kama alikuwa anatibiwa kupotewa na kumbukumbu kabla ya tarehe hiyo, msimamizi atakuwa na kazi ya kueleza bibi aliridhia nini.

Hata hivyo, kabla ya kufikiria kesi mpya, rudi kwenye mahakama iliyomteua. Kanuni za Usimamizi wa Mirathi katika Mahakama za Mwanzo za mwaka 1971 zinamtaka msimamizi awasilishe orodha ya mali na madeni kwa Fomu Na. 5 ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa, isipokuwa mahakama imemwongezea muda, na baadaye awasilishe hesabu kwa Fomu Na. 6. Omba kuliona jalada la mirathi. Fomu hizo zikiwa hazimo, unayo sababu ya kuomba aitwe ajieleze na, akishindwa, uteuzi wake utenguliwe. Mahakama iliyomteua ina mamlaka ya kumwondoa kwa sababu ya msingi. Ombi hilo unaweza kulileta kwa jina lako mwenyewe, kwa kuwa wewe ni mjane na una maslahi katika mirathi, na pale pale ukaomba nyumba isiuzwe mpaka hesabu zitakapotolewa.

Shamba lililokwisha kuuzwa ni gumu zaidi. Mnunuzi aliyenunua kwa nia njema kwa msimamizi ambaye uteuzi wake haukuwa umetenguliwa ana hoja nzito, na huenda madai ya kweli yakawa dhidi ya shemeji kwa fedha alizopokea. Siwezi kulisema hilo kwa uhakika bila kuuona mkataba wa mauzo.

Karani_Mstaafu alijibu:

Naongeza la masjala tu. Watu huandika jina la mama peke yake kama mdai, halafu ndani ya hati wanaeleza habari za watoto. Hapo mdaiwa husimama na kusema mdai hana haki na mali hiyo, na muda mwingi hupotea katika kubishana. Andikeni hivi: jina la mtoto, neno "mtoto" kwenye mabano, kisha "kwa kupitia rafiki wa karibu" na jina la mama. Ambatisha vyeti vya kuzaliwa kutoka RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Shauri la mtoto lililofunguliwa bila rafiki wa karibu linaweza kuondolewa mahakamani kwa ombi la mdaiwa, na gharama zikamwangukia wakili au mtu aliyeliwasilisha. Fahamuni pia kwamba Sura ya 33 haitumiki katika Mahakama ya Mwanzo, ambayo ina kanuni zake. Huko hakimu anaweza kumruhusu ndugu au mtu wa nyumbani amsemee mhusika anapoombwa na mhusika huyo. Mliopanga kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kudai shamba, jueni kwamba mtatakiwa kwanza kupitia usuluhishi wa Baraza la Kata.

Mwanasheria_Lungalunga alijibu:

Kwa kuwa familia nyingi za pande hizi zina watu Horohoro na Lungalunga, pande mbili za mpaka, niseme kidogo kuhusu Kenya. Utaratibu unafanana, uko katika Amri ya 32 ya Kanuni za Mwenendo wa Madai za mwaka 2010, ila kwetu rafiki wa karibu lazima atie saini idhini ya maandishi kabla jina lake halijatumika, na idhini hiyo iwekwe mahakamani. Ibara ya 53 ya Katiba inayataka maslahi ya mtoto yawe ya kwanza katika kila jambo linalomhusu. Katika kesi za ajali za barabarani, ambazo ndizo zinazowafikisha watoto wengi kortini, mara nyingi hakimu huamuru fidia iwekwe katika akaunti yenye riba mpaka mtoto atimize miaka 18, wala haikabidhiwi mzazi mkononi.

MamaWawili_Muheza aliandika tena:

Nawashukuru sana, Mungu awalipe. Nina maswali mawili. Kwanza, sisi ni Waislamu na mimi mwenyewe nina fungu langu katika mirathi; je, shemeji hawezi kusema kwamba maslahi yangu yanagongana na ya watoto? Pili, baada ya kusikia kwamba ninauliza-uliza, ametuma mtu akisema atanipa shilingi milioni mbili nisaini kwamba nimepokea kwa niaba ya watoto na bibi yao, tuyamalize kifamilia.

Wakili_Mkwakwani alijibu:

Swali la kwanza ni la mtu aliyefikiri. Kwa sheria ya Kiislamu mjane aliyeachiwa watoto hupata thumni, yaani moja ya nane, mama wa marehemu hupata sudusi, yaani moja ya sita, na kinachobaki huenda kwa watoto ikiwa yumo wa kiume. Mafungu hayo yamewekwa tayari. Wewe ukidai mali irudi kwenye mirathi, unaidai kwa faida ya wote, na hakuna anayepungukiwa kwa sababu yako. Mgongano ungekuwapo kama ungedai, kwa mfano, kwamba nyumba ile ni yako binafsi kwa sababu mliijenga pamoja. Ukiwa na dai la namna hiyo, mwambie wakili wako mapema, na watoto wasemewe na mtu mwingine, labda mjomba wao. Hali ni hiyohiyo kwa mama mkwe: usimwakilishe yeye na watoto kwa pamoja ikiwa upo uwezekano wa kubishania mgawanyo. Shemeji ndiye mwenye mgongano ulio wazi, maana hawezi kumsemea mama yake katika jambo ambalo yeye mwenyewe anatakiwa kulitolea hesabu.

Kuhusu milioni mbili, usisaini. Kesi ikishafunguliwa, rafiki wa karibu haruhusiwi kufanya maafikiano yoyote kwa niaba ya mtoto bila ruhusa ya mahakama inayoonekana katika kumbukumbu za shauri, na maafikiano yaliyofanywa bila ruhusa hiyo yanaweza kubatilishwa dhidi ya wote isipokuwa mtoto. Kabla ya kesi, saini yako haiwezi kuuza haki ya watoto, lakini itampa shemeji karatasi ya pili ya kuionesha pamoja na ile ya dole gumba. Akitaka suluhu ya kweli, aieleze mbele ya hakimu wa mirathi, na fungu la kila mrithi liandikwe kwa jina lake.

Mtoto mkubwa akitimiza miaka 18 shauri likiwa linaendelea, ni yeye atakayechagua kuendelea nalo au kuliacha. Akiendelea, jina lako linaondolewa upande wake na yeye anasimama mwenyewe. Mdogo utabaki kumsimamia. Jambo la kufahamu ni kwamba rafiki wa karibu hajitoi tu anapochoka: anatakiwa kuleta mtu wa kushika nafasi yake na kuweka dhamana ya gharama zilizokwisha kutumika, isipokuwa mahakama imeamuru vinginevyo. Kama ada ya wakili ni mzigo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inakupa njia ya kusaidiwa bila malipo. Anza kwa msajili msaidizi wa msaada wa kisheria kwenye halmashauri ya wilaya yako, ukiwa na nakala ya barua ya uteuzi wa msimamizi na namba ya shauri la mirathi.