Sauti ya mkwaruzo na sauti ya kaswida kwenye wimbo mmoja wa mapenzi: nimnyooshe huyu jamaa au nimwache?

Mchanga_wa_Shangani

Habari za jioni wakuu. Tunatengeneza filamu fupi hapa Mtwara, hela tumechanga wenyewe. Ni bodaboda na mkewe fundi cherehani, wamechokana, usiku mmoja kila mtu anashika njia yake. Picha tumemaliza, nyingi tumepigia Mikindani kwenye yale majumba ya kale. Zimebaki nyimbo.

Dada atakayeimba amekulia kwenye kaswida. Mpe noti ya juu, anaifikia bila kukunja uso. Kasheshe ni mwanaume. Ni dalali, anapiga mnada wa samaki kila alfajiri, koo limeshakula chumvi. Akiimba utadhani mtu anaburuta dau kwenye changarawe. Lakini siku ya majaribio mama ntilie wa jirani aliacha chapati ikaungua, akaja kusimama mlangoni.

Prodyuza anataka ampitishe kwenye ile programu ya kunyoosha sauti, halafu waimbe wote wawili mwanzo mwisho ili dada amfunike. Anasema sauti hizi haziingiliani. Kuna filamu iliyowahi kuoanisha watu wa namna hii ikakubali? Studio ni Jumamosi.

Kinanda_Chikongola

Mdogo wangu, mwambie prodyuza aiweke hiyo programu pembeni kwanza. Akimnyoosha dalali, mtabaki na mwanaume wa kawaida anayeimba vibaya kidogo, na hao tunao kila harusi. Nawapigia kinanda, nawajua.

Filamu ipo. Inaitwa One from the Heart, ya mwongozaji Mmarekani Francis Ford Coppola, 1982. Nyimbo alitunga Tom Waits, na kama hujawahi kumsikia, basi huyo dalali wako ni mdogo wake. Sauti ya baa saa tisa usiku. Aliyeimba naye ni Crystal Gayle, mdogo wake Loretta Lynn yule mwimbaji wa kantri. Wazee wetu waliolelewa na kantri za Jim Reeves wanaujua ukoo huo. Sauti yake imetulia, kila neno unalisikia. Coppola alikuwa amesikia wimbo Waits alioimba kwa kupokezana na mwanamama Bette Midler, uliotoka 1977, akataka muziki wa filamu nzima uende hivyo. Midler hakupatikana, ndipo akaitwa Crystal.

Na hadithi yenyewe, we! Mume yuko kwenye biashara ya vyuma chakavu, mke anafanya kazi wakala wa safari, wanagombana, kila mmoja anapata mtu mwingine kwa usiku mmoja. Mmeibiana bila kujuana.

Sasa sikiliza walivyofanya, maana hapo ndipo prodyuza wako anapokosea. Hawaimbi pamoja mwanzo mwisho. Nyimbo nyingi kila mtu ana wake. Unamzoea mwanaume na mikwaruzo yake, unamzoea mwanamke, halafu wakikutanishwa unashtuka kwamba watu hawa waliwahi kukaa nyumba moja. Kuna wimbo mmoja wanalumbana kwamba wamechoka kuokota vilivyotupwa na mwenzake. Mstari wake, mstari wako, mpaka wanakuja kugongana. Hakuna aliyepunguza sauti yake ili afanane na mwenzake. Mwanamke angeimba na mwanaume laini kama yeye, ugomvi ule usingeaminika.

Kwa upande wa ufundi, shida yenu si sauti, ni kii, yaani wimbo upigwe juu kiasi gani au chini kiasi gani. Dada akipewa kii inayomng'arisha, dalali atakabwa. Mkimshushia dalali, dada ataimba chini mpaka apotee. Msitafute ya katikati, itawaharibu wote wawili. Anza chini kwa dalali, ubeti wa kwanza awe karibu anaongea. Kinanda kipande kifupi, kii inapanda, dada anaingia. Kiitikio cha mwisho tu ndiyo wakutane: yeye juu, jamaa abaki chini ashikilie noti mbili tatu, asimfukuzie.

Na msimwache apige kelele kama yuko mnadani! Asogee maiki kabisa, aimbe polepole. Mkwaruzo unasikika vizuri mtu akinong'ona kuliko akifoka. Dada arudi nyuma hatua moja, na msimmwagie mwangwi mwingi, hapo si msikitini. Waimbe siku moja wakitazamana, sio huyu asubuhi na yule jioni.

Filamu yenyewe, nikwambie ukweli, ilinichosha. Mandhari ya Las Vegas walijijengea studio, mataa kila kona, watu wawili wa kawaida wakamezwa na mapambo. Nyimbo ndizo zimebaki.

Mama_Rahaleo_Lindi

Kaka wa Chikongola, maliza basi hadithi. Hiyo filamu iligharimu dola milioni 26 hivi na Marekani haikurudisha hata milioni moja. Coppola madeni yalimwandama miaka. Muziki uliteuliwa kuwania Oscar, sawa, ila mwanangu hapa amechanga hela na wenzake, asije akadhani mkwaruzo ndio biashara.

Swali langu mimi lingine. Waigizaji wenu wanafumbua midomo kwenye wimbo? Sisi tumekulia filamu za Kihindi. Awaara ya 1951, Mukesh anaimba, Raj Kapoor anafumbua mdomo. Mukesh alikuwa na ule ung'ong'o wa huzuni, Lata Mangeshkar sauti kama uzi wa hariri, wakipokezana unaona ni Raj Kapoor na Nargis wenyewe. Tofauti ipo lakini ina kipimo, kwa sababu sauti lazima ikae kwenye uso wa mtu. Kijana wenu wa bodaboda kama ni mwembamba ana sura ya shule ya msingi, halafu itoke sauti ya dalali, ukumbi mzima utacheka.

Kuhusu mkwaruzo sina ugomvi. Bi Kidude, Mungu amrehemu, nani alithubutu kumwambia asafishe koo?

Mchanga_wa_Shangani

Shikamoo mama. Hapana, hawafumbui. Wimbo unaingia jamaa akiwa kwenye pikipiki barabara ya Mikindani, mke yuko kwenye cherehani, wote kimya. Na kweli ni mwembamba, umemwona wapi?

Mama_Rahaleo_Lindi

Marahaba. Bodaboda wote wembamba mwanangu. Kama hawafumbui, hapo sawa, sauti itakuwa ya moyoni mwake. Mwacheni dalali na koo lake.

Kinanda_Chikongola

Mama umenigusa penye hoja. Hata kwa Coppola ilikuwa hivyohivyo, wanaoonekana ni Frederic Forrest na Teri Garr, wanaosikika ni wengine, wala hawajifanyi wanaimba. Ndiyo maana Waits aliweza kujiachia vile.

Msela_Ligula

Wataalamu, mimi muziki sijui. Huyo dalali kama ndiye ninayemfikiria, mpangieni saa kumi jioni, sio asubuhi. Asubuhi ametoka mnadani hana sauti kabisa, na anakuja na harufu ya samaki studio nzima. Na bei muelewane kabla. Yule ni dalali.

Mchanga_wa_Shangani

Ndiye. Ameshaomba nauli mara mbili na anakaa mtaa wa pili kutoka studio.

Prodyuza nimemtumia uzi huu, amesoma, amenuna. Amekubali tujaribu kii mbili, ila anasema kiitikio cha mwisho lazima amguse kidogo na programu. Kinanda, Jumamosi saa kumi una shughuli?

Kinanda_Chikongola

Nina harusi Naliendele, naingia saa mbili usiku. Saa kumi nitakuwepo. Mwambie asiguse kitu mpaka nifike.