Kaingia msikitini na VIATU, halafu mimi ndiye nisiyejua mapenzi?

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naandika nimekaa barazani, ndani nimefukuzwa kwa macho tu. Ile tamthilia ya baada ya isha munaijua, sina haja ya kuitaja. Ukifika wakati wake mtaani hata paka hawapiti.

Leo ilikuwa siku ya ndoa. Mapenzi yao yana sehemu tisini na kitu, na zote hizo hawajawahi kuulizana hata "umekula?" Wanatazamana. Huyu dirisha, yule bahari, muziki, machozi, tangazo la sabuni. Basi msichana anaozwa mtu mwengine Mji Mkongwe, na kijana wetu yuko Wete, kisiwani Pemba, anaanika karafuu. Habari zikamfika, akatupa kila kitu. Alasiri inaadhiniwa yuko Wete. Khutba ya ndoa haijesha, yuko mlangoni Unguja! Boti ya Mkoani kwao ni daladala ya Darajani.

Hilo nimelimeza. Lakini KAINGIA NA VIATU. Viatu vya kamba, vina tope, juu ya zulia mpaka mbele ya mihrabu: "Simamisheni ndoa!" Na walii, mzee mzima na kofia yake ya viua, hasemi "vua viatu mwanangu". Anatazama dari dakika mbili nzima.

Na bibi harusi kakaa ubavuni mwa bwana harusi, humo humo msikitini! Kwetu huyo yuko nyumbani na somo yake, kashapakwa hina na piko, ridhaa kashaulizwa, na akdi inafungwa baina ya walii na mume mbele ya mashahidi wawili. Wangemuuliza hata muuza urojo angewaambia.

Nikageuka ili tucheke na mke wangu. Analia! Akaniuliza, "Wewe ungenikimbilia hivyo?"

Nikamjibu ukweli: "Ningevua viatu kwanza."

Wallahi toka hapo hajanisemesha. Mahari nilitoa taslimu, fungate siku saba nimekaa ndani kama mwari, na leo sina mapenzi kwa sababu ya mtu aliyekanyaga zulia na tope. Viatu, jamani!

Pweza Mkavu: Pole yakhe. Lakini na weye, mtu analia unamjibu viatu? Ungesema "ningekuja hata peku" ukapakuliwa chakula chako ukalala.

Shoga wa Kikwajuni: Ndoa ya miaka mingapi hiyo? Mwenzio anauliza mapenzi, wewe unajibu usafi. Hujaoa wewe, umeajiriwa kufagia msikiti.

Mwenye uzi: Kumi na mmoja. Na si usafi, ni adabu! Zulia watu wanaweka paji la uso pale!

Bin Chumvi: Afadhali hao. Zile za Uturuki zilizotiwa sauti za Kiswahili, sauti ya mchumba ndiyo hiyo hiyo ya baba mkwe. Juzi posa imekataliwa, nikaona mtu anagombana na nafsi yake.

Shoga wa Kikwajuni: Na mama mkwe lazima awe mchawi au awe anatia sumu kwenye juisi. Mie mama mkwe wangu ananiletea mkate wa kumimina kila Ijumaa. Hilo hawalioneshi.

Karafuu Mbichi: Mie wa Wete khasa. Hakuna mtu anayeacha karafuu jamvini kwa ajili ya mapenzi. Mvua ikinyesha? Nani kazianua? Hapo ndipo nilipolia mie.

Mzee wa Kibatari: Visiwani tuna televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, Bara wamesubiri mpaka miaka ya 1990. Imetusaidia nini kwenye ndoa? Umeme ulipokatika Unguja miezi mitatu, mwisho wa 2009 mpaka 2010, ndipo mie na mama watoto tulipozungumza. Mtoto wetu wa tatu kazaliwa mwisho wa 2010. Tunamwita Kibatari.

Pweza Mkavu: Hahahaa! Basi tuombe uzimwe tena.

Shoga wa Kikwajuni: Usiombe! Friji yangu imejaa samaki.

Kanzu Fupi: Mie namtetea yule kijana. Viatu ukiviacha mlangoni unavikuta? Ijumaa nimeibiwa makubazi mapya, hata wiki hayajatimiza. Nimerudi nyumbani peku, lami inachoma, watoto wananicheka njia nzima.

Mwenye uzi: Ndugu yangu, yule kaingia kuzuia ndoa, hakuja kuswali.

Kanzu Fupi: Na mie nilikwenda kuswali, ikawaje?

Bin Chumvi: Usinikumbushe. Ramadhani mimi walinichukulia kimoja. Kimoja! Wakaniachia cha kushoto. Sasa mwizi wa mguu mmoja tunamtafuta wapi?

Mwenye uzi: Jamani, uzi huu ni wa mapenzi. Mbu wananimaliza huku nje.

Karafuu Mbichi: Bin Chumvi, subiri kwanza. Mie Ramadhani nilikuwa Unguja, nikatoka tarawehi gizagiza, kufika nyumbani nina cha kulia kisicho changu. Chako rangi gani?

Bin Chumvi: Kahawia. Nambari 42.

Karafuu Mbichi: Kina kifungo cha shaba?

Bin Chumvi: KINA!