MREJESHO: Bati la nyumba ya Kigamboni, karibu na bahari

Wakuu, habari za leo. Niliuliza hapa kama nipaue kwa vigae au bati, na kama ni bati, geji (kipimo cha unene) 28 au 30. Nyumba imeshapauliwa.

Vigae vya saruji niliviacha kwa sababu ya uzito: vinataka kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) nzito zaidi, na bei ya mbao mnaijua. Nikachukua bati la msauzi, aina ya bati la rangi, geji 28. Kwa wanaoanza: namba ikiwa ndogo, bati ni nene zaidi. Ila aliyenishauri nisiishie kwenye geji Mungu ambariki, maana huku pwani adui ni chumvi. Nimechukua lenye mchanganyiko wa alumini na zinki chini ya rangi, halafu nikalipima unene kwa mikromita palepale dukani kabla ya kulipa. Msione aibu kupima, hela ni yenu.

Jambo nililolisimamia kwa nguvu ni ukataji. Fundi alikuja na grinda, nikamwomba kwa heshima atumie mkasi wa bati. Cheche za grinda zinaunguza rangi, vumbi la chuma linabaki juu, na kutu inaanzia hapo. Alikubali, na siku ya mwisho vijana wake walifagia paa lote.

Mbao zote zilipakwa dawa ya mchwa kabla ya kupanda juu. Mvua kubwa imeshapiga, sijaona tone. Gata (mifereji ya maji ya mvua) bado, nikifunga nitaleta picha.

Asanteni sana.