Mrejesho: ile picha ya matuta ya Shela

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliwauliza kama picha ya matuta ya mchanga ya Shela, hapa Lamu, ya nyeusi na nyeupe, iliyochapishwa nakala 25 tu, inafaa kununuliwa na mtu wa kipato changu. Nimeinunua. Kabla ya kulipa niliigeuza, kama mlivyonielekeza, nikakuta sahihi ya mpiga picha na 7/25 kwa penseli, yaani nakala namba 7 kati ya 25. Kusubiri namba 1, ambayo bei yake ingekuwa juu zaidi, sikuona sababu, kwa kuwa zote zimetoka katika faili moja.

Kosa langu lilikuwa fremu: fundi aliibana picha kiooni, na kwa unyevunyevu wa hapa Lamu pembe moja ikaanza kugandana nacho. Sasa kati yake na kioo kuna kadi isiyo na asidi, nayo imetundikwa mbali na dirisha la baharini.