Naomba ushauri: nimekuta maduara matatu yamelazwa katikati ya shamba langu la ngano

Mzee wa Masuke:

Wakuu habari zenu. Naomba mnisome bila kunicheka.

Juzi asubuhi nimekwenda shamba la nyuma kuangalia kama ngano imekaribia. Imeshaanza kugeuka njano, ila vifundo vya bua bado vina ukijani na punje ukiitafuna ina uteute. Siku ilianza vibaya, mtaro umenibidi niuruke na kiatu kimoja kikaingia majini, kwa hiyo nimefika nikiwa na hasira zangu. Nikapanda kwenye trela nione shamba lote. Nikaona duara.

Kubwa liko katikati, hatua zangu 22 kutoka ukingo mpaka ukingo. Pembeni yake madogo mawili, kila moja hatua 7. Ngano imelala chini ikazunguka upande mmoja kama nywele za utosini. Ukingo ni safi kabisa: bua hili limelala, la jirani yake limesimama wima halina habari. Jioni ya kabla hapakuwa na kitu, na usiku haikunyesha wala upepo haukuvuma.

Mke wangu anasema vuna usahau. Jirani anasema tusiguse. Vijana watatu waliokuja kupiga picha wamenikanyagia ngano kuliko hilo duara lenyewe. Nauliza: nichunguze nini kabla sijavuna, na hii iliyolala inaokoleka?

Kifundo:

Mkuu, kwanza funga njia, asiingie mtu mwingine. Ushahidi wote uko chini na unaharibiwa na miguu.

Ngano kulala ni jambo la kila msimu. Mvua na upepo, mbolea ya nitrojeni iliyozidi, bua likarefuka bila nguvu, linakwenda chini. Lakini hulala ovyo, mabaka mabaka yasiyo na umbo, hasa pale mbolea ilipopita mara mbili. Ugonjwa wa mizizi nao hutoa mabaka, ila huko ngano hufa ikiwa imesimama na masuke yanakuwa meupe matupu. Ukingo wa namna unayoeleza hauchorwi na upepo wala kuvu, huo ni mkono wa mtu.

Nyota ya Saba:

Watu mnaharakisha kukanusha kwamba ni kazi ya viumbe wa angani. Hakuna njia ya kuingilia! Mtu angelazaje katikati bila kuacha alama ya kupita? Na haya mambo ni ya kale, Uingereza mwaka 1678 kilichapishwa kijitabu kuhusu shamba lililochorwa maduara usiku mmoja. Angalia vifundo vya bua mzee, vikiwa vimerefuka ujue ni mionzi.

Bibi Trekta:

Nyota, hicho kijitabu cha Hertfordshire kinasema nafaka ILIFYEKWA, na aliyefyeka ni shetani. Ya mzee imelazwa. Tusichanganye.

Halafu njia ya kuingilia ipo, mnaiona kila siku. Trekta ikipita kunyunyizia dawa inaacha mistari miwili mitupu shamba zima. Mtu anatembea humo mpaka katikati bila kugusa bua hata moja. Mzee, je, maduara yako yamegusana na mistari hiyo? Ukikuta yote matatu yamekaa juu yake, nusu ya kazi imekwisha.

Kifundo:

Kuhusu vifundo: bua likilazwa likiwa bado hai, kifundo hukua zaidi upande wa chini ili kuliinua. Ndiyo maana ngano iliyolala mapema hupinda shingo na kutazama juu tena. Hakuna mionzi hapo. Na huna haja ya kuniamini mimi. Nenda hatua ishirini mbali na duara, laza mabua kama hamsini kwa mguu wako, weka kijiti cha alama. Rudi baada ya siku mbili, chuma machache pale na machache ndani ya duara, pima vifundo kwa rula. Chuma na yaliyosimama, uwe na cha kulinganishia. Wengi wanaotangaza vifundo virefu hawajawahi kulaza ngano yao wenyewe wakatazama.

Mpiga Ramli Mstaafu:

Mnakumbuka wale wazee wawili wa Southampton, Uingereza, Doug Bower na Dave Chorley? Mwaka 1991 walijitokeza gazetini wakasema wamekuwa wakichora maduara mashambani usiku tangu miaka ya 1970. Vifaa: ubao, kamba, na waya uliofungwa kwenye kofia wa kulengea ili mstari usipinde. Wakatengeneza moja waandishi wakiona, akaletwa bingwa wa maduara akasema hili ni la kweli. Nilicheka mpaka nikakaa chini, maana mimi mwenyewe nilikuwa naamini.

Na ukubwa usikutishe. Mwaka 2001 pale Milk Hill, Wiltshire, hukohuko Uingereza, ulionekana mchoro wenye maduara 409.

Bibi Trekta:

Mzee, ukiingia fanya hivi. Usianzie katikati. Piga picha kutoka juu ya trela, kisha pima ukiwa ukingoni. Ndipo uingie, upige magoti, ufunue ngano iliyolala. Tazama ipi iko chini na ipi imelala juu yake, hapo utajua alianza wapi na akamalizia wapi. Tafuta mabua yaliyochubuka upande mmoja kwa usawa uleule, ni ukingo wa ubao huo. Tafuta udongo kwenye mabua ya chini. Katikati kabisa ya lile kubwa pekua kwa vidole utafute tundu la kigingi cha kufungia kamba ya kuzungukia.

Kuvuna: punje ikishakauka usingoje. Suke lililogusa ardhi likinyeshewa linaota papo hapo. Waambie wa kombaini, ile mashine ya kuvunia, washushe mdomo na wafunge vile vidole vya kunyanyulia, waende polepole wakikabili upande ilikolalia. Kwenye duara upande unabadilika kila hatua, kwa hiyo hutapata yote. Kubali hasara kidogo.

Mpiga Ramli Mstaafu:

Ukimpata aliyefanya, hiyo ni mali yako imeharibiwa. Uingereza mwaka 2000 kuna mtu alitozwa faini mahakamani kwa mambo hayahaya. Au weka sanduku la kiingilio getini, wapo wakulima huko Wiltshire wanaofanya hivyo.

Mzee wa Masuke:

Mrejesho wakuu. Nimeingia leo alfajiri na tochi na futi ya fundi.

Yote matatu yamekaa juu ya mistari ya trekta. Tundu lipo, katikati ya lile kubwa, dole gumba linazama lote, na limefunikwa na ngano kwa ustadi kweli. Mabua yamechubuka. Na ngano imelala kwa mapande mapande, nimepima pande kumi na mbili, zote zina upana sawasawa: sentimita 140, ikizidi ni moja au mbili. Yale mabua niliyolaza mimi vifundo vyake vimeanza kupinda sawa na ya duarani. Sijui nani, ila mionzi haina futi.

Bibi Trekta:

Mzee, ulisema juzi uliruka mtaro ukalowa kiatu. Siku zote huwa unaruka?

Mzee wa Masuke:

Hapana, kuna ubao wa kuvukia.

Ngoja.

Mzee wa Masuke:

Nimeukuta nyuma ya ghala. Sentimita 141. Una matundu mawili mwishoni, moja kila upande, ambayo sikuyatoboa mimi, na moja bado lina kipande cha kamba. Kamba yenyewe ni ya kufungia ndama.

Wanangu wawili wako likizo. Wamelala mpaka saa hizi.

Nyota ya Saba:

Ukiwaamsha, waulize waliwezaje kuficha lile tundu.